Jicho Jekundu Halitibiwi kwa Ujumbe wa Simu

Januari 2024 macho mekundu yalilivamia jiji la Dar es Salaam. Mtu alilala mzima, akaamka kope zimegandamana kwa matongotongo, jicho linawasha na kuchuruzika machozi, na baada ya siku chache nyumba nzima imeshapata. Wiki chache baadaye Mombasa nako kukawa hivyo hivyo. Wizara ya Afya ya Tanzania ilitoa tahadhari: haya ni maambukizi ya virusi, naweni mikono, msijitie dawa ambazo hamkuandikiwa na mtaalamu. Tahadhari hiyo ilikuta simu za watu zimeshajaa maelekezo mengine. Osha kwa chai ya rangi. Tia maji ya chumvi. Kamulia maziwa ya mama anayenyonyesha. Wapo hata waliopendekeza mkojo wa asubuhi.

Maelekezo ya namna hii hayajui mpaka. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa Mbagala, Dar es Salaam, ulisikilizwa Nduta siku hiyo hiyo. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwishoni mwa 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko nchini kwao, na kuna wakati ilihifadhi watu zaidi ya laki moja. Huko, kama ilivyokuwa katika kambi ya Nyarugusu upande wa Kasulu na katika vijiji vinavyozizunguka, simu ya mmoja ilikuwa simu ya ukoo. Kiha na Kirundi navyo vinaelewana, kwa hiyo neno lilipotoka kwenye Kiswahili lilivuka kutoka kambini kwenda kijijini na kurudi bila kuhitaji mkalimani.

Mtu wa Nduta mwenye jicho linalouma hakuwa mbali na tiba ya kwanza. Tangu 2015 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha hospitali kambini humo, likatibu wakimbizi na wanavijiji bila malipo. Aliyekuwa mbali ni daktari bingwa wa macho. Hospitali kubwa zenye mabingwa hao, kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, ziko mamia ya kilometa kutoka Kibondo, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kosa ambalo mkazi wa jijini anaweza kulirekebisha kesho yake, huku nyanda za juu za Kigoma linaweza kumgharimu mtu jicho. Ushauri mbaya ni ule ule, ila bei yake huku ni kubwa zaidi.

Dalili moja, magonjwa mengi

Wekundu wa jicho ni dalili tu, na magonjwa yanayoileta ni mengi. Unaweza kutokana na virusi vinavyopita vyenyewe, bakteria, au mzio wa vumbi. Unaweza kutokana na kidonda kwenye kioo cha jicho, yaani ule utando angavu ulioko mbele ya mboni, au na uvimbe wa ndani ya jicho, au presha ya macho iliyopanda ghafla. Kwa mtoto mwenye homa, kikohozi na vipele, macho mekundu yanaweza kuwa surua. Mtoto huyo anahitaji vitamini A ya kiwango kikubwa, siku mbili mfululizo, kutoka kwa mhudumu wa afya, kwa sababu surua ikikutana na upungufu wa vitamini A hupofusha.

Mhudumu aliyefunzwa huyatenganishaje magonjwa haya? Huanza kwa kupima uoni, jicho moja moja. Humulika kwa tochi aone kama kioo kinang'aa au kina doa jeupe. Akishuku kidonda, huchukua kijikaratasi chenye rangi ya chungwa iitwayo fluoresini, hukigusisha ndani ya kope ya chini, mgonjwa akapepesa ili rangi isambae, kisha humulika kwa mwanga wa buluu. Kioo kizima hubaki cheusi, lakini palipochubuka hung'aa kijani kibichi, hata kama jeraha ni dogo kama ncha ya sindano. Kazi yote hiyo haichukui dakika tano. Anayetoa ushauri kwa simu hajafanya hata moja kati ya hayo. Anatibu neno "jekundu".

Kwa nini tiba ya uongo huonekana ya kweli

Wengi wanaosambaza ushauri huu si matapeli. Wanasema kile walichokiona: nilitia chai, nikapona. Lakini macho mekundu ya virusi hupona yenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Mwaka 1969 ugonjwa wa namna hii ulilipuka Ghana, watu wakauita "Apollo 11" kwa kuwa ulifika wakati mmoja na safari ya kwanza ya binadamu mwezini. Ulienea Afrika, ukafika Asia, ukawashika watu wengi mno, na karibu wote walipona, waliotia kitu na wasiotia.

Mtu huhangaika na dawa siku ya nne, maumivu yanapozidi. Siku ya sita jicho linatulia, kama ambavyo lingetulia hata bila dawa, na siku ya saba anarekodi ushuhuda. Yule ambaye jicho lake liliharibika harekodi. Yuko wodini, au amejifungia ndani kwa aibu na majuto. Ndiyo maana shuhuda mia za kupona hazithibitishi kitu mpaka tujue ni wangapi walitia dawa ile ile wakaumia.

Nusu milimita

Kioo cha jicho katikati kina unene wa takriban nusu milimita. Hakina mishipa ya damu, kwani kingekuwa nayo tusingeona vizuri. Uangavu huo una gharama yake: askari wa mwili wanaosafiri kwa damu hukifikia kwa kuchelewa. Ngozi ya juu kabisa ikichubuka hujirudia ndani ya siku chache bila alama. Kidonda kikizama chini ya hapo hupona kwa kovu, na kovu hilo ndilo chamba, doa jeupe lisilopitisha mwanga.

Tia sasa maji ya limao kwenye jicho hilo. Machozi yetu hayana ukali, ilhali limao ni tindikali inayounguza seli za juu. Chai iliyopoa na majani yaliyopondwa hubeba bakteria na kuvu kutoka kwenye sufuria, mikononi na udongoni. Mkojo wa mtu mwenye kisonono, ambaye pengine hajijui, hupeleka vijidudu vyake moja kwa moja jichoni, na hivyo ni miongoni mwa vijidudu vichache vinavyoweza kupenya hata kioo kisicho na mchubuko. Hutoboa jicho ndani ya siku chache. Ndiyo hatari inayomkabili pia mtoto mchanga anayetokwa usaha mwingi machoni baada ya kuzaliwa, ambaye mara nyingi mama yake huambiwa amkamulie maziwa na asubiri. Kusubiri huko kunaweza kumfanya mtoto akue bila kumwona mama yake.

Atakayesema kwamba dawa yake ni safi na akumbuke yaliyotokea Marekani mwaka 2023. Matone ya kulainisha macho yaliyotengenezwa kiwandani na kuuzwa kihalali yalikutwa na bakteria sugu. Watu 81 waliugua, 14 walipoteza uoni, wanne waling'olewa jicho, na wanne walifariki. Ikiwa kiwanda kinaweza kushindwa kulinda usafi wa tone moja, kikombe cha jikoni kitauweza vipi?

Hapa kwetu ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho ulionyesha kuwa takriban robo ya vidonda hivyo vilihusishwa na dawa za kienyeji. Mwaka 2019 watafiti wa kusini magharibi mwa Uganda waliripoti wagonjwa 313 wenye maambukizi ya kioo, na kati yao 188 walikuwa wametia dawa hizo. Waliotia walichelewa zaidi kufika hospitali, siku 18 dhidi ya 14 kwa mgonjwa wa katikati, na vidonda vyao vilikuwa vikubwa zaidi: milimita 5.6 dhidi ya 4.3. Kioo kizima kina upana wa milimita 11 hadi 12 tu, kwa hiyo kidonda cha milimita 5.6 kimeshakula karibu nusu ya upana wake. Madhara ni mawili: dawa yenyewe, na siku zilizopotea wakati wa kuijaribu.

Tone la dukani

Kuna ushauri unaoonekana wa kitaalamu zaidi: "Nenda duka la dawa, omba matone haya," pamoja na picha ya kichupa. Vingi vya vichupa hivyo vina steroidi, kama deksamethasoni au betamethasoni. Steroidi huondoa wekundu haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Jicho hutulia huku kinga yake imefungwa mikono. Ikiwa ndani kuna virusi vya malengelenge, au kuvu iliyoingia kwa jani la mhindi wakati wa kuvuna au kijiti wakati wa kutafuta kuni, kidonda huchimba bila kelele. Kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu, kutumia matone hayo kwa wiki kadhaa hupandisha presha ya ndani ya jicho, na yakitumika muda mrefu huleta mtoto wa jicho. Dawa hiyo hiyo mikononi mwa daktari aliyekwishaona kioo huokoa macho. Tofauti ni uchunguzi.

Kuna pia wanaouza matumaini kwa macho yasiyo mekundu. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, Dodoma, uliwakuta na presha ya macho takriban wanne kati ya kila watu 100 wenye miaka 40 na zaidi. Ugonjwa huo hauumi mwanzoni, na uoni ulioondoka nao haurudi. Anayeacha matibabu ili anywe juisi ya kusafisha macho anapoteza kitu kisichonunulika. Mtoto anayeonekana na weupe katikati ya mboni, mara nyingine kwenye picha ya simu, anaweza kuwa na saratani ya jicho. Ikiwahiwa, wengi hupona. Ikicheleweshwa, huua.

Ushauri ambao yeyote anaweza kuutoa

Mtu akikupa maelekezo ya jicho, muulize amesajiliwa na nani. Daktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wataalamu wa optometria wana baraza lao. Asiye na jibu asisikilizwe, hata kama ana wafuasi laki moja.

Asiyesomea naye ana mengi ya kusema ambayo ni kweli na hayamdhuru mtu. Nawa mikono kwa sabuni. Usichangie taulo wala mto. Usitie jichoni chochote ambacho hukuandikiwa. Jicho likiingiwa na saruji, chokaa au maji ya betri, anza hapo hapo kulimwagia maji safi kwa wingi, robo saa hadi nusu saa, kisha kimbilia hospitali. Usikae hata siku moja nyumbani ukiona haya: maumivu makali, uoni uliofifia, mwanga unaochoma, doa jeupe kwenye kioo, jeraha la jani au kijiti, usaha kwa mtoto mchanga. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Na kama kweli unampenda huyo mwenye jicho jekundu, usimtumie ushuhuda wa mtu usiyemjua. Mtumie saa za kufungua zahanati iliyo karibu naye, mbebee mtoto wake, fuatana naye hadi kwa mhudumu. Jicho lililowahiwa siku ya kwanza mara nyingi hupona kwa dawa ya bei ndogo, na hospitali kubwa haihitajiki tena.