Mvua Ileile, Maji Juu Zaidi

Kila masika, wakazi wa Hananasifu, Kigogo na Magomeni jijini Dar es Salaam huulizana jambo moja: mvua ya jana haikuwa kubwa kuliko zile tulizozizoea, mbona maji yamefika dirishani? Swali hilo lina uzito wa kisayansi, na halistahili jibu la kila siku kwamba watu wamejenga bondeni na taka zimeziba mitaro. Hayo ni kweli, na yamekwisha kusemwa sana. Mabati, lami na saruji huyaharakisha maji kuingia mtoni; nalo tunalijua. Ninachotaka tukitazame ni kitu kisichoonekana kwa sababu kimefunikwa na maji yenyewe, yaani sakafu ya mto.

Kwanza tutenganishe kina na kimo. Kina ni umbali kutoka uso wa maji kwenda chini hadi sakafuni. Kimo, kwa matumizi ya makala hii, ni pale uso wa maji ulipofikia kwa kulinganisha na alama isiyosogea, kama vile nguzo ya daraja au ukuta wa nyumba. Hata kwenye taarifa za habari husemwa kina palipostahili kimo. Tofauti hiyo si ndogo. Sakafu ikipanda nusu mita, maji yenye kina kilekile cha jana yatakuwa na kimo cha nusu mita zaidi, ingawa mawingu hayakuongeza hata tone.

Sasa, sakafu ya Mto Msimbazi, unaopita katika maeneo hayo, inapandaje?

Mto huu unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na kusafiri kilomita zipatazo 35 hadi baharini penye Daraja la Selander. Pugu inajulikana kwa kaolini, ule udongo mweupe uliochimbwa huko mpaka yakabaki mapango. Miamba ya vilima hivyo ni ya mchangatope laini ambao chembe zake zimeshikwa na kaolini hiyo, na mvua kubwa huibomoa bila shida. Miti ikifyekwa na barabara za vumbi zikikatwa kwenye miteremko, mchanga unapata njia ya moja kwa moja kuingia mtoni.

Mfikirie mtu anayesukuma mkokoteni uliosheheni. Kwenye mteremko haoni tabu, mzigo wenyewe unamvuta. Akifika tambarare, kasi inapungua na nguvu zinamwishia, naye anaanza kuteremsha mizigo kando ya njia: kwanza magunia mazito, mbele kidogo mepesi kuliko hayo, na mwisho anabaki na vikapu vitupu. Mto nao unafanya hivyo. Mawe hubaki huko juu, mchanga mnene unashuka pale bonde linapoanza kulala, mchanga laini unafuata, na tope jepesi ndilo linalofika kwenye mikoko. Kesho yake mkokoteni unarudi na mzigo mwingine na kuuteremsha palepale. Anayepita njia hiyo kila siku ataona tuta likikua, na mwenye mkokoteni ataliona pia, kwa sababu sasa tuta lenyewe linampunguzia mteremko, kwa hiyo safari ijayo atachoka mapema zaidi na kushusha mzigo mwingi zaidi. Bonde la Msimbazi linalala katika eneo la Jangwani. Huko ndiko mzigo unakoshushwa.

Kinachonifurahisha zaidi katika habari hii ni jinsi uwezo wa mto kubeba mzigo unavyopotea kwa ghafla. Katika miaka ya 1840, William Hopkins, mwanahisabati Mwingereza aliyewafundisha Kelvin na Maxwell, alijiuliza mkondo wa maji unaweza kusogeza jiwe zito kiasi gani. Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Msukumo wa maji juu ya jiwe unategemea mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Msukumo huo pia unategemea ukubwa wa uso wa jiwe unaopigwa na maji, yaani upana mara kimo. Lakini uzito wa jiwe unategemea ujazo wake, yaani upana mara kimo mara urefu. Kwa hiyo jiwe lililo pana mara nne kila upande linapokea msukumo mara 16 kwa sababu ya uso wake, lakini uzito wake umekuwa mara 64. Ili msukumo uufikie uzito huo panahitajika mara nne nyingine, na mara nne hizo ndizo hasa tunazozipata kasi inapoongezeka mara mbili.

Hebu tuirudie polepole, maana inashangaza. Ongeza kasi mara mbili tu, na mto unasogeza jiwe zito mara 64. Ongeza mara tatu, na uzito unakuwa mara 729. Sasa ipindue hesabu hiyo: punguza kasi nusu, na jiwe zito kabisa ambalo mto ulikuwa ukiliviringisha linakuwa zito mara 64 kupita uwezo wake. Kupunguza kasi nusu hakuhitaji mengi. Kwa maji ya kina kimoja, inatosha mteremko uwe robo ya ulivyokuwa. Mto unaoteremka kutoka Pugu kuingia bonde la Jangwani unapoteza zaidi ya hapo.

Bahari nayo inaongeza uzito wa jambo hili. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam huzidi mita tatu. Mafuriko yakifika mlangoni pa mto saa ya maji kujaa, mto unakuta njia imezibwa, unasimama na kurudi nyuma kwenye bonde. Maji yaliyosimama hayabebi mchanga. Hata tope la kaolini lililokuwa likielea linashikana vibonge likikutana na chumvi, nalo linazama.

Ndiyo maana kuzoa mchanga chini ya daraja la Jangwani hakumaliziki. Unazolewa, masika yanarudi, unajaa tena, Barabara ya Morogoro inafungwa, na karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyowekwa hapohapo bondeni, imefurikwa mara kwa mara. Na bonde likiwa limelala, kila sentimita ina bei. Ardhi inayopanda mita moja kwa kila mita 100 inaruhusu nusu mita ya kimo kuingia mita 50 zaidi kwenye makazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka kingo. Nusu mita ya mchanga inaweza kukaribia kuimeza nafasi hiyo yote, na nyumba iliyojengwa mahali salama ikajikuta mtoni bila kusogea.

Wanaolipa gharama ni wale wanaoinua vizingiti vya milango kwa saruji na kupandisha vitanda juu ya matofali, huku vyoo vya shimo vikifurika na kuchanganyika na maji ya uani. Desemba 2011 watu wapatao 40 walifariki jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba zikabomolewa bondeni. Aprili 2018 mafuriko yakarudi.

Mito mingine ina hadithi yake. Upande wa Temeke, Kizinga nao unatoka vilima vya Pugu na kuishia kwenye mkono wa bahari wa Mtoni. Kaskazini mwa Kinondoni, kwenye mito ya Tegeta na Mbezi, mchanga unachimbwa kwa ajili ya ujenzi, na huko sakafu inashuka badala ya kupanda. Mto ulioporwa mzigo wake unabakiwa na nguvu, nao unazielekeza kwenye kingo na misingi ya nyumba. Jiji moja linazikwa na mchanga upande huu na kubomoka kwa kuukosa upande ule.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya bonde la Msimbazi, ukiwemo ujenzi wa daraja jipya la Jangwani na kuhamisha karakana ya mabasi. Ni hatua kubwa na ninaiunga mkono. Lakini daraja refu juu ya sakafu inayopanda litakuwa fupi siku moja. Fedha za kuzuia mchanga huko Pugu, kwa miti na kwa kudhibiti machimbo, zihesabiwe kuwa sehemu ya daraja lenyewe, na sakafu ya mto ipimwe kila baada ya masika, matokeo yake yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa.

Nawe msomaji unayeishi karibu na mto, usingoje. Maji yakishuka, chora mstari wa rangi ukutani pale yalipofika, andika tarehe pembeni, piga picha, na upeleke kwa mwenyekiti wa mtaa wako. Fanya hivyo kila mwaka, ukutani palepale.