Mizani Isomwe na Wawili (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilizungumzia mkopo, namna duka linavyoliwa na daftari la madeni. Leo tutazame kipimo. Hapa Kolwezi, Kongo, kipimo ndicho kinachoamua kama mtu atarudi kesho au atapitiliza kwa jirani, na hilo linamhusu mama wa unga sokoni kama linavyoihusu depo ya kununua madini kule Musompo.

Tuanze na mama wa unga. Unga wa mahindi huuzwa kwa meka, kopo ambalo kila mpika bukari, yaani ugali, analijua. Muuzaji hodari huchota, hujaza mpaka unga ufanye kilima, halafu akiisha kuumimina huongeza konzi moja ya matabishi, nyongeza ya bure. Lakini yafuate macho ya mnunuzi mzoefu. Hayatazami konzi ile, yanatazama kitako cha kopo, kwa maana kitako kilichobonyezwa kwa ndani hula unga kila kopo linapochota. Mama anayeijua kazi yake hulipindua kopo mwenyewe kabla hajaulizwa, akaligonga kwa kiganja, mteja akaona na kusikia. Hakuna shule iliyomfundisha hivyo. Amejifunza kwa kuona nani anarudi na nani harudi.

Sasa twende kwenye depo. Mchimbaji hushusha gunia la heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Linapimwa uzito, kisha mtu wa depo analielekezea mashine ya mkononi yenye umbo la bastola, ambayo watu wote hapa huiita Metorex, jina la kampuni ya Ufini iliyotengeneza mashine za aina hiyo. Baada ya sekunde chache inatoa asilimia. Ubaoni kuna bei ya kilo kwa kila asilimia, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nimewasikia wachimbaji wengi wakisema mashine ile ni mwongo, na wenye depo wakisema mchimbaji ni mwongo. Kabla ya kumhukumu yeyote, inafaa kujua inavyofanya kazi. Humulika jiwe kwa mionzi ya eksirei. Atomu za kila metali hujibu kwa mionzi yake yenyewe, na mashine huihesabu. Kasoro yake ni kwamba husoma uso tu, haioni moyo wa gunia. Jiwe zuri likiwekwa juu, gunia zima litaonekana tajiri. Bonge la udongo likiwekwa juu, litaonekana maskini. Maji nayo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huongeza uzito kwenye mizani na hushusha asilimia kwenye mashine. Kwa hiyo watu wawili waaminifu kabisa wanaweza kupata namba mbili tofauti kwa gunia lile lile, na kila mmoja akaondoka akiamini ameibiwa.

Na tofauti si ndogo. Tani 1 ya mawe makavu yenye kobalti asilimia 3 ina kilo 30 za kobalti. Mashine ikisoma asilimia 2, zimebaki kilo 20. Theluthi ya jasho la watu walioshuka shimoni imepotea kwa kubonyeza kitufe mara moja.

Dawa ni ya zamani, na kila fundi wa maabara anaifahamu. Mawe hukaushwa, hupondwa, huchanganywa juu ya turubai. Hukusanywa kama kichuguu, kichuguu hulazwa, kisha hugawanywa mafungu manne. Mafungu mawili yanayotazamana huchukuliwa, mengine huachwa, na kazi hurudiwa mpaka kibaki kiasi kidogo kinachowakilisha shehena yote. Hicho ndicho kisomwe, mara kadhaa, na wastani uandikwe. Nusu yake ifungwe, abaki nayo muuzaji, ili akitaka akapime kwingine. Gharama ni turubai, nyundo na muda.

Mwenye depo ataniambia kwamba muda huo unampunguzia magunia ya siku. Ni kweli. Ila Musompo depo zimepangana, na mchimbaji aliyepimiwa mbele ya macho yake huwapeleka wenzake pale pale bila kulipwa tangazo. Shaka yangu ni kubwa zaidi pale penye mnunuzi mmoja. Mradi wa wachimbaji wadogo wa Mutoshi, ulioendeshwa na kampuni za Chemaf na Trafigura pamoja na shirika la Pact kuanzia 2018 hadi 2020, ulileta mambo ambayo nayasifu kwa moyo mweupe: uzio, maji, huduma ya afya, na wanawake kuingia kazini mahali ambapo imani za zamani ziliwazuia. Lakini mawe yote yaliuzwa kwa mnunuzi mmoja. Katika mpango wa namna hiyo, mchimbaji asiyeridhika na asilimia hana mlango wa pili wa kubisha, na mnunuzi hana njia ya kujua kwamba ameudhi watu.

Kwa nini hatukuzoea kudai kipimo cha wazi? Jibu langu liko kwenye historia yetu. Wazee walisema “Union Minière njo baba, njo mama”, na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameichambua kauli hiyo kwa kina. Kampani hiyo ya madini ilitoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Baada ya kutaifishwa ikawa Gécamines, na utaratibu ukaendelea. Aliyesimama foleni ya posho hakuwa mteja, alikuwa mtoto wa nyumbani, na mtoto hakagui kopo la mama. Kisha nyumba ikaanguka: uzalishaji ulishuka kutoka karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986 hadi kiasi cha tani 30,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa hiari wakiwa na malipo mkononi, na wapo waliofungua vibanda bila kuwahi kumsikia mteja akikataa bei. Sisi ni wachanga katika kuchagua na kuchaguliwa, na uchanga huo si aibu.

Tuna mfano wa karibu wa kujifunza. Majaribio ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, huko Kenya yalihusu kulipa mikopo midogo. Waanzilishi wakaona watu wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, wakaufuata mwendo wa watu, na huduma ikafunguliwa Machi 2007. Mwaka 2012 ikafika kwetu. Angalia kinachotokea kwenye kibanda cha wakala: hakuna anayeondoka mpaka simu yake ilie. Ujumbe unafika pande mbili, namba ni moja, na ugomvi unakosa pa kuanzia.

Metorex ina kioo kimoja, nacho humtazama aliyeishika. Muuzaji anasimama ng'ambo ya meza, anasomewa namba kwa mdomo. Mwenye depo anaweza kuanza kesho asubuhi bila kununua chochote: mshika mashine azunguke meza, asimame bega kwa bega na mwenye gunia, wasome pamoja.