Shimo la Mawe Lililogeuka Msitu



Anayetoka Bunia kwenda Iga-Barrière na Mongbwalu anaijua sura ya ardhi iliyochimbwa. Dhahabu imeondoka, mashimo yamebaki. Maji yanatuama humo, mbu wanazaliana, na watoto wanaocheza karibu wanaweza kuzama. Wengi husema udongo huo umekufa. Je, ni kweli?

Tuangalie Haller Park, karibu na Mombasa, nchini Kenya. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe. Nyuma yake kiliacha jangwa jeupe lisilo na udongo, na maji ya chumvichumvi karibu chini yake.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni 3 tu. Ulioshinda yote ni mvinje, ambao wengine kwetu huuita filao. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoupatia mti chakula kutoka hewani.

Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Msaada ulitoka kwa jongoo. Haller alipoona jongoo wakila majani hayo, alileta wengine wengi. Kinyesi chao kikawa udongo mweusi, miti mingine ikaota, ndege wakaja. Yakachimbwa mabwawa, samaki wakafugwa. Leo watembeleaji wanawaona humo viboko, mamba na twiga.

Basi ardhi iliyoumizwa inaweza kupona, ila si kwa siku moja, na si bila mtu wa kukaa nayo. Katika Mwanzo 2:15 Mungu anamweka mwanadamu shambani ili afanye kazi na kulinda. Kuvuna tu na kuondoka si utumishi huo.

Tusiige bila kufikiri. Wachimbaji wetu hutumia zebaki kukusanya dhahabu, na sumu hiyo huingia katika samaki. Msifuge samaki katika shimo la dhahabu kabla wataalamu hawajapima maji na matope.

Kuna kazi ambazo kila kanisa laweza kuanza sasa: kuzungushia uzio mashimo yaliyo karibu na nyumba na shule, kufukia madogo, na kupanda miti kando yake. Mama na vijana wetu wana nguvu hizo. Wazee wa kanisa, wekeni jambo hili katika kikao chenu kijacho.