Jamaa Nzima Juu ya Pikipiki Moja

Twende leo mbali, upande wa mashariki ya Asia, katika mji wa Saigon, nchi ya Vietnam. Tangu mwaka 1976 jina lake ni Ho Chi Minh. Lakini wenyeji wengi husema Saigon hata leo.

Jua halijapanda bado, na njia zimekwisha kujaa. Pikipiki za mji huo zinapita milioni 7, nazo huenda bega kwa bega kama mto wakati wa masika. Mgeni atakaye kuvuka asikimbie, wala asirudi nyuma: atembee polepole, nao watampitia huku na huku kama maji yapitavyo jiwe.

Kila kitu hupandishwa juu ya pikipiki: nguruwe aliyefungwa, vioo vya madirisha, na karibu na mwaka mpya wao, miti mizima yenye matunda. Pikipiki ya kuchukua abiria huitwa kwa jina lenye maana ya "chombo cha kukumbatia", kwa sababu abiria humshika mwendeshaji kiunoni.

Lakini tuwatazame hasa watu wa jamaa moja. Baba anaendesha, mtoto mdogo amesimama mbele yake, mama yuko nyuma, na mtoto wa pili amebanwa katikati yao. Nasi ambao kwetu pikipiki hubeba watu watatu, tusiwacheke. Hivyo hivyo, usiku wa Noeli, maelfu huja mbele ya kanisa kuu la Bikira Maria, lililomalizika kujengwa mwaka 1880, Wakristu na wasio Wakristu.

Zamani vichwa vyote vilikuwa wazi. Kofia ngumu ilichekwa, ikaitwa sufuria ya wali. Kisha serikali ikaamuru: tangu tarehe 15 Desemba 2007 kila apandaye pikipiki avae kofia, katika njia zote. Siku ile ile mji ukageuka sura, na majeraha ya kichwa yakapungua hospitalini.

Ajabu ni hii: baba amevaa, mama amevaa, mtoto hana kitu! Wazazi wengi waliogopa kwamba kofia nzito itamwumiza shingo. Tena faini haikuwahusu wadogo. Ikabidi mwaka 2010 atozwe faini mtu mzima amchukuaye mtoto wa miaka 6 na zaidi bila kofia. Hata hivyo, asubuhi, mbele ya milango ya shule, bado huonekana wazazi waliojifunga vema kofia zao, na nyuma yao kichwa kidogo chenye nywele zilizochanwa vizuri, kikipigwa na upepo.