Aliyeanguka Mteremkoni, Kisha Akainuka

Jina la Bugarama linapatikana pande zote mbili za mpaka. Upande wa Tanzania ni kata ya wilaya ya Ngara, katika nchi ya vilima. Nchini Burundi, Bugarama nyingine imekaa milimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara yake huteremka kilomita zipatazo 35 hadi Bujumbura. Vijana huishuka kwa baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi, kisha hupanda tena wakiwa wameshikilia malori kwa nyuma. Huko Goma, chombo cha mteremko ni chukudu, kilichochongwa kwa mbao, ambacho breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Kwingineko duniani mteremko ni mchezo: watu husimama juu ya ubao mrefu wenye magurudumu manne na kuteremka barabara za milimani.

Mwili hautofautishi mchezo na riziki. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Anayegonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni kama aliyeanguka kutoka urefu wa mita moja na nusu. Kwa kilomita 40, ni zaidi ya mita sita. Kwa kilomita 60, ni mita kumi na nne. Wachezaji makini wa ubao huvaa kofia ngumu na glavu nene. Mbeba ndizi hushuka kichwa wazi. Ilhali kwa waendesha pikipiki, tafiti zimeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa takriban asilimia 69, na ya kifo kwa asilimia 42.

Aliyezimia palepale hukimbizwa hospitali. Wa kuhofiwa zaidi ni yule anayeinuka, akajipangusa vumbi na kusema, "Mimi mzima." Ndani ya mfupa wa panja hupita mshipa wa damu. Mfupa ukivunjika, mshipa huweza kuchanika, na damu ikajikusanya taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Kinachobanwa ni ubongo. Kwa saa kadhaa majeruhi huongea, hucheka, pengine hula. Kisha hulalamikia kichwa, hutapika, husinzia. Jamaa husema aachwe apumzike. Usingizi huo si uchovu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, aliyegonga kichwa apelekwe kituo cha afya hata akijiona mzima. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mtu mzima akae naye kwa saa 24, amwamshe kila baada ya saa chache na kumwuliza jina lake na mahali alipo. Asinywe pombe wala kumeza aspirini. Arudishwe mara moja akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akipata degedege, akilegea upande mmoja, akitokwa na damu au majimaji puani au masikioni, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine.

Barabarani, majeruhi asiyejitambua asipakatwe kati ya watu wawili kwenye pikipiki. Kichwa, shingo na kiwiliwili vishikwe katika mstari mmoja, naye abebwe juu ya machela au ubao mpana. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili wote kwa pamoja.

Kwa wahudumu wa afya: hakikisheni njia ya hewa, oksijeni na shinikizo la damu kwanza, kwa kuwa ubongo ulioumia hauvumilii kupungukiwa hewa wala damu. Andikeni alama za kipimo cha Glasgow na hali ya mboni kila nusu saa. Alama zikishuka kwa mbili, rufaa ianze wakati huohuo, kwani safari ya kumfikia daktari wa upasuaji ni ndefu, na damu iliyomo ndani ya fuvu haisubiri kupambazuke.