Mwizi ndani ya ankara: Hatari mpya kwa biashara ya pamba Mwandoya

MWANDOYA, Meatu

Msimu wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, macho ya mfanyabiashara huwa kwenye mambo mawili: bei ya kilo na uaminifu wa mizani. Siku hizi kuna jambo la tatu, nalo halionekani ghalani. Ni faili la kompyuta.

Katika kata ya Mwandoya, kama kwingineko mkoani humo, pamba ya mkulima hupitia chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kabla ya kufika kwa mnunuzi. Dengu na choroko nazo zimeingizwa katika stakabadhi ghalani na minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Orodha za wakulima, uzito na namba za akaunti, ambazo zamani zilikaa kwenye daftari, sasa huzunguka kwa barua pepe, WhatsApp na flashi.

Chukua mfano wa karani anayepokea kiambatisho chenye jina "Ankara ya usafiri". Hakitilii shaka, kwa kuwa lori lilikodiwa kweli. Akikifungua, anaombwa abonyeze kitufe ili maandishi yasomeke. Akibonyeza, programu iliyofichwa humo huanza kazi kimyakimya: huiba nywila, hubadili namba ya akaunti, au hufunga mafaili yote na kudai kikombozi.

Mkulima anayesubiri fedha zake hatauliza habari za virusi. Atauliza kwa nini hajalipwa.

Mbinu ya zamani

Hila hii ina umri. Mwaka 1995 kirusi kilichoitwa Concept kilienea duniani ndani ya nyaraka za Word. Machi 1999 kikafuata Melissa, kilichojituma chenyewe kwa barua pepe. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU, kilichojifanya barua ya mapenzi, kiliingia katika mamilioni ya kompyuta kwa siku chache. Jina la faili lake lilionyesha maandishi ya kawaida, kumbe mwishoni lilikuwa na herufi nyingine zinazoashiria programu.

Wanaocheza na mitaji nao hawakusalimika. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Group-IB ilifichua kwamba wahalifu walisambaza mafaili yaliyofungashwa kwa pamoja kwenye mabaraza ya wafanyabiashara wa hisa na fedha za kigeni, wakidai kutoa mbinu za faida. Aliyebonyeza picha au maandishi ndani yake alifungua mlango bila kujua, kwa sababu ya kasoro katika programu ya WinRAR. Vifaa visivyopungua 130 viliathirika. Kasoro hiyo ilirekebishwa Agosti 2023, lakini anayetumia toleo la zamani bado yuko hatarini.

Kadhalika, mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia amri zilizofichwa katika nyaraka zinazotoka kwenye intaneti. Kinga hiyo haimfikii mwenye programu iliyopitwa na wakati.

Kinga ni ipi?

Programu ya kukagua virusi hufanya kazi kama askari mwenye picha za wezi wanaojulikana; mwizi mgeni anaweza kumpita. Ndiyo maana mashirika makubwa huongeza mfumo unaovunja kila faili linaloingia, kuchukua maandishi, namba na picha tu, kisha kuunda nakala safi. Amri zilizofichwa hubaki nje.

Chama kidogo kisichomudu mfumo huo kinaweza kuanza na hatua za gharama ndogo:

- Kutobonyeza kamwe kitufe cha kuruhusu amri ndani ya ankara au orodha.

- Kutofunga programu ya simu inayotumwa kwa WhatsApp, hasa faili linaloishia na herufi APK.

- Kutotumia flashi ya duka la steshenari kwenye kompyuta ya malipo.

- Kuweka nakala ya orodha kwenye diski ya nje na kuichomoa baada ya kazi.

- Mteja akituma akaunti mpya, kumpigia kwa namba ya zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe huo.

Namba za simu za matapeli huripotiwa TCRA kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na wizi hupelekwa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Orodha ya wakulima imo.

Bei ya pamba hupanda na kushuka, na mfanyabiashara hana mamlaka juu yake. Simu moja ya kuhakiki akaunti kabla ya kulipa iko mikononi mwake. Mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari la siku hizi ni faili.