Kuandikiana Deni Baina ya Ndugu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tumekusudia kulieleza jambo ambalo limetenganisha watu wengi waliokula sahani moja, hapa Mbeya, na Iringa, na katika miji iliyo baina yake. Nalo ni fedha wanazokopeshana ndugu, jamaa na marafiki.

Nchi yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini ina msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na mahindi huvunwa kuanzia Juni. Maana yake ni kwamba mkulima wa Ismani au wa Uyole huipata fedha yake kubwa mara moja kwa mwaka, na haja zake haziungoji mwezi huo. Januari mtoto anakwenda shule, mbolea inatakiwa, shamba linataka vibarua wa kupalilia, na maradhi hayana kalenda. Basi mtu huyu humwendea ndugu yake mwenye duka Mwanjelwa, au shemeji yake mwenye mshahara katika mashamba ya chai ya Mufindi, naye humwambia: "Nisaidie, nikivuna tutaonana." Fedha hutoka mfukoni, watu huagana kwa furaha, na ugomvi wa mwezi wa Agosti huwa umekwisha kupandwa.

Umepandwa katika neno "nisaidie". Lugha yetu ina maneno yaliyo wazi, lakini sisi kwa haya zetu tunayakwepa. Kuazima ni kuchukua kitu ukitumie kisha ukirudishe kitu kile kile, kama jembe, sufuria au baiskeli. Wanazuoni hukiita ariya. Kukopa ni kuchukua kitu ukile au ukitumie kiishe, kisha urudishe mfano wake, kama fedha, unga au chumvi. Hiyo ndiyo karadha. Kusaidiwa ni kupewa, na aliyepewa hana deni la kurudisha. Sasa mmoja anaposema "nisaidie" naye moyoni anakusudia sadaka, na wa pili anapotoa huku moyoni anakusudia karadha, hakuna aliyesema uongo, na wote wawili watakuja kuapa kwamba wamedhulumiwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachowaomba wenye kutoa ni kuuliza, hapo hapo kabla fedha haijabadilisha mikono: je, hii ni zawadi au ni deni? Na ikiwa mtoaji anajua kwamba ndugu yake hana njia ya kulipa, na yeye mwenyewe anaweza kusamehe, basi aseme tangu mwanzo kwamba ametoa. Atapata thawabu yake, na yule atalala usingizi.

Likiwa ni deni, Mwenyezi Mungu amekwisha kutufundisha la kufanya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani nzima, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuteremshwa juu ya sala wala juu ya vita, bali juu ya deni. Ndani yake waumini wanaamrishwa wanapokopeshana kwa muda maalumu waliandike deni hilo. Mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa, mpaka muda wake. Wanazuoni walio wengi wamesema kwamba amri hii ni ya kupendekeza, si ya kulazimisha, kwa kuwa aya inayofuata inazungumza juu ya watu walioaminiana na kumtaka aliyeaminiwa arudishe amana. Lakini pendekezo lililoelezwa kwa urefu namna hiyo si la kupuuzwa.

Na tuangalie jambo moja ambalo wengi hulipita upesi. Aya haikumtaka mwenye fedha atoe imla ya maandishi. Imemtaka mwenye kudaiwa ndiye atamke, na mwandishi aandike kutoka kinywani mwake, wala asipunguze chochote. Hekima yake ni kubwa. Maandishi ya mdai ni madai. Maandishi ya mdaiwa ni kukiri. Na yeye ndiye dhaifu wa siku ile, mwenye shida, ambaye angeweza kuandikiwa asiyoyajua; kwa hiyo amepewa ulimi.

Tunajua jibu linalotolewa mitaani kwetu: "Nimwandikishe kaka yangu karatasi kana kwamba ni mwizi?" Jibu hili lina sura ya upendo, lakini tulichunguze. Mtu anayeogopa kumwambia ndugu yake "tuandike" mwezi wa Januari, haogopi mwezi wa Septemba kumsema kwa mama yao, kwa wake zao na kwa majirani. Heshima aliyoiokoa kwa siku moja ataimaliza kwa mwaka mzima. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nao walikuwa wakieleza hali waliyoiona. Karatasi haimtuhumu mtu kwamba atadhulumu. Inakubali tu kwamba binadamu husahau, na kwamba binadamu hufa.

Siku hizi hata karatasi si lazima. Karibu kila nyumba ina simu, na fedha nyingi hutumwa kwa simu tangu huduma hizo zilipoanza nchini mwaka 2008. Lakini taarifa ya kutuma fedha inaonyesha tu kwamba fedha imekwenda. Haisemi kama ni zawadi, malipo au mkopo. Basi aliyekopa na atume ujumbe mfupi kwa mkono wake: kiasi gani amepokea, siku gani, kwamba ni mkopo, na atalipa lini. Mkopeshaji ajibu kwamba amekubali, na watu wawili wa kuaminika wajulishwe. Dola nayo inalitambua jambo hilo, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeyakubali maandishi ya namna hii kuwa ushahidi mahakamani. Na tarehe ya kulipa isiwe "nikivuna" tu. Mavuno ya Juni huuzwa na mwingine Julai, na mwingine huyaweka ghalani mpaka Desemba akingoja bei. Itajwe tarehe.

Tumesema binadamu hufa, na hapa ndipo lilipo jambo zito. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila ya kuacha cha kulilipia, naye akawaambia sahaba zake wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake, ndipo akasali. Baadaye, Waislamu walipofunguliwa neema, Mtume mwenyewe alikuwa akiyachukua madeni ya maiti wasio na kitu. Na katika Suratun Nisaa, mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni. Lakini warithi watalipaje deni wasilolijua? Mjane wa Kilolo anapojiwa siku ya arobaini na watu watatu, kila mmoja akisema "marehemu alikuwa na fedha yangu", hana la kufanya. Akilipa wote, huenda amewanyima mayatima haki yao. Akikataa wote, huenda amemwacha mumewe na mzigo kaburini. Mstari mmoja wa maandishi ungemtua.

Kwa upande huu tunaye wa kumfuata. Sahaba Zubair bin Al-Awwam alikuwa mtu mwaminifu sana, hata watu wakamletea mali zao awawekee amana. Yeye alikataa kuzipokea kwa jina la amana, akazipokea kwa jina la mkopo, kwa sababu amana ikipotea bila ya uzembe mwenyewe hailipwi, bali mkopo hulipwa kwa hali yoyote. Alichelea mali ya watu isipotee. Alipouawa mwaka 36 wa Hijra, siku ya vita vya Ngamia, mwanawe Abdullah alihesabu madeni akayakuta yamepita milioni mbili, na marehemu hakuacha dinari wala dirhamu, ila ardhi na nyumba. Abdullah akauza ardhi na kulipa. Ndugu zake walipotaka wagawane kilichobaki, alikataa. Kwa miaka minne, kila msimu wa Hija, alikuwa akinadi: mwenye kumdai Zubair na aje tumlipe. Ndipo akagawa. Hao walikuwa warithi wenye mali nyingi mbele yao, wakangojeshwa miaka minne kwa ajili ya mdai ambaye pengine hayupo.

Sasa muda umefika, na mdaiwa hana. Hapa lazima tutofautishe watu wawili. Wa kwanza ni mwenye kuweza, anayepita mbele ya mdai wake na pikipiki mpya na kusema subiri; kuchelewesha kwa mtu huyu Mtume amekuita dhuluma, na mdai ana haki ya kumsema na kumpeleka mbele ya wazee au katika Mahakama ya Mwanzo. Tusimwonee haya. Wa pili ni aliyefikwa. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, na mwezi wa Agosti 2017 likateketea soko la Sido lililo papo hapo Mwanjelwa. Wafanyabiashara waliamka wakakuta majivu, na wengi miongoni mwao bidhaa zile zilikuwa za mkopo. Mtu kama huyu, aya ya 280 ya sura ile ile ya Baqara imemwekea muhula mpaka atakapopata wepesi, na ikaeleza kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Muhula huu si hisani ya mdai. Ni haki ya aliyefilisika. Na akiwa hana kabisa, wenye madeni wametajwa miongoni mwa mafungu manane ya wenye kustahiki zaka. Kamati za misikiti yetu zinazogawa zaka huwakumbuka mafakiri na maskini, lakini fungu hili ni nadra kulisikia likitajwa.

Kati ya watu hao wawili yupo wa tatu, anayeweza kiasi. Ka'ab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya msikiti wa Mtume, sauti zao zikapanda mpaka Mtume (S.A.W.) akazisikia nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwita Ka'ab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Ka'ab akakubali. Hapo hapo Mtume akamgeukia yule wa pili, akamwamuru asimame akalipe iliyobaki. Wasuluhishi wetu wengi huikumbuka nusu ya kwanza ya kisa hiki, ya kusamehe, na kuisahau ya pili.

Limebaki suala la mazao. Watu hukopesha shilingi Januari kwa sharti la kulipwa gunia la mahindi au la mpunga wa Usangu wakati wa mavuno, na gunia hilo thamani yake ni mara mbili ya fedha iliyotoka. Wakiulizwa husema si riba, kwani hakuna shilingi iliyoongezwa. Tunasema: ikiwa kilichotoka ni mkopo, nyongeza yoyote iliyoshurutishwa ni riba, iwe fedha, mahindi au siku ya kulimiwa shamba. Mdaiwa akiongeza mwenyewe kwa hiari yake wakati wa kulipa, bila ya sharti, hilo ni wema, na Mtume amelifanya. Ipo njia ya halali kwa anayetaka kununua mazao kabla ya mavuno, nayo ni salam: fedha yote ilipwe siku ya mapatano, na aina ya zao, kipimo na tarehe vijulikane. Kipimo kijulikane! Gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu si kipimo kinachojulikana, na sheria ya vipimo ya nchi nayo imelikataza. Pimeni kwa kilo.

Tunayasema yote haya kwa sababu tunaona linalotokea karadha inapokufa. Ndugu aliyedhulumiwa mara mbili huapa kutokopesha tena, na shemeji mwenye shida huishia kwa wale ambao watu wenyewe wamewaita "kausha damu", wanaokusanya marejesho kila siku au kila juma na kuondoka na godoro na sufuria za nyumba. Wengine huingia katika mikopo ya simu; mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Anayekwenda huko si mjinga. Amekwenda kwa sababu mlango wa ndugu umefungwa, na aliyeufunga mara nyingi ni ndugu mwingine aliyekopa bila maandishi na asilipe.

Na kabla hatujatoka, waume waliomo humu wajikague katika deni moja ambalo hawalihesabu. Mahari iliyotajwa siku ya ndoa na kuahirishwa ni deni la mke juu ya mume, kama deni lolote. Akifa kabla ya kulipa, hutolewa katika mali yake kabla ya mirathi, na mke huchukua mahari yake kwanza kisha fungu lake la urithi. Mke akisamehe kwa moyo safi, ni halali. Lakini kunyamaza kwake miaka 20 si kusamehe. Aulizwe, na kama bado anadai, iandikwe.

Juma lijalo, inshaallah, tutaieleza rahani: ni kitu gani huwekwa, nani hukitumia, na kinauzwa lini.